Niliuweka Mkono Wake Mgongoni mwa Mume Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Nina binti mmoja, kazi moja, na hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Sikuja kuwaomba huruma, wasomaji wenzangu. Huruma nimeshapewa tele, na wale wale walionimaliza! Nimekuja kueleza yaliyonipata, ili hata mmoja wenu asipite pale nilipopita mimi. Niiteni Mwamini, inatosha.

Kazi yangu ni kine, yaani mtu wa kutibu kwa mazoezi na kwa mikono. Najua mkisikia neno hilo mnawaza magoti, viuno, na mtu aliyetoka kufunguliwa plasta. Hata mtaani kwetu walikuwa wakisema, "Yule bibi ya Shabani, mwenye kukandaka watu." Haya, semeni mnavyotaka. Mimi nilikuwa kine wa kifua. Kichanga aliyezibwa na kamasi mpaka hawezi kunyonya... mzee aliyepasuliwa tumbo, anayeogopa kuvuta pumzi kwa sababu mshono unamuuma... mtu aliyepona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu... hao ndio walikuwa watu wangu. Unaweka mkono kwenye mbavu, unasikiliza kwa kiganja, unajua kohozi limelala wapi. Kisha unamfundisha mtu kupumua, kana kwamba hajawahi kupumua tangu azaliwe!

Na mgonjwa wangu wa kwanza kila siku alikuwa nyumbani kwangu. Mume wangu.

Shabani ni mpiga rangi magari, ana gereji yake hapo hapo Buyenzi. Kabla hatujaoana aliugua kifua kikuu. Alitibiwa, akapona, lakini pafu la kushoto, upande wa chini, lilibaki limelegea. Makohozi yanatuama humo kama maji kwenye mfereji ulioziba. Yasipotolewa kila siku yanaoza, homa inapanda, mtu anaanguka. Dawa peke yake haitoshi. Lazima mtu akae naye, amlaze kwa ubavu wa kulia, amwongoze kupumua taratibu, kushikilia pumzi, kutoa kwa mdomo wazi mpaka kohozi lipande lenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye. Kila asubuhi baada ya swala, kabla ya chai. Mama yake alinikuta mara nyingi nimemshika mbavu na beseni liko pembeni, akawa anasema mbele za watu kuwa mwanawe anaishi kwa mikono ya mkewe. Leo mkimwuliza, atakana.

Sasa niwaambie habari za Nadine.

Alikuja hospitalini kwetu kufanya mazoezi ya kazi, katoka shuleni, mwembamba, mpole, sauti ya chini. Hospitali ni moja ya hapa mjini, jina sitalitaja. Alikuwa na diploma, lakini hajawahi kugusa kifua cha mtu anayehangaika kupumua. Shuleni walikuwa wakijizoeza wao kwa wao, vijana wazima wasio na kikohozi! Siku ya kwanza tulipoingia wodi ya watoto alimwona kichanga mbavu zinaingia ndani, akatoka kwenda kulia kwenye ngazi.

Nilimfuata. Nikamfuta machozi kwa kitambaa changu. Laiti ningemwacha alie!

Nilimfundisha yote. Usimguse mtoto aliyetoka kunyonya. Usimlaze chali mtu anayehangaika kupumua. Ukiona damu kwenye kohozi, simama, mwite daktari. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, siwezi kudanganya. Alikuwa akiniita yaya, yaani dada mkubwa, nami nilipenda kuitwa hivyo. Alikuwa mgeni mjini, wazazi wake wako mbali huko mlimani, akawa anakula kwangu kila Ijumaa. Binti yangu Rehema alikuwa akimsuka nywele.

Kitu kimoja kilikuwa kinamshinda. Kutambua kwa kiganja kohozi limelala wapi. Hospitalini wagonjwa wanakuja wanapita, hapati wa kumzoea. Basi mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nikamwambia, "Njoo nyumbani. Shabani ana kifua kizuri cha kujifunzia."

Nilimlaza mume wangu ubavu. Nikakaa nyuma ya Nadine. Nikaushika mkono wake, nikauweka mgongoni mwa mume wangu, chini ya mfupa wa bega la kushoto, nikaukandamiza kwa mkono wangu. Nikamwuliza, "Unasikia inavyotetemeka?"

Akasema, "Ndiyo yaya, nasikia."

Shabani alicheka, akasema mikono ya mwanafunzi ni baridi. Na mimi nikacheka! Mimi, Mwamini, nilicheka...

Mwaka uliofuata ikaja formasyon. Nchini Benin kulikuwa na masomo ya mwaka mzima ya kine wa kifua, na hospitali ilipewa nafasi moja tu. Niliomba, nikafanya mtihani, nikapita. Msidhani nilipita kwa urahisi. Nilikuwa nasoma huku nimeshika mwiko, Rehema ananishikia taa umeme ukikatika. Hapa kwetu hakuna aliyesomea kazi hiyo kwa kina. Tulikuwa tunafanya kama tulivyoona waliotutangulia wakifanya, pumzi kidogo tu, zaidi ni kumpiga mtu mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa na kuomba Mungu.

Shabani alinibariki. Mama mkwe alinuna siku kadhaa, halafu naye akanibariki. Nadine alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Alikuwa ameshaajiriwa, nikamkabidhi servisi, kitengo chetu cha kine nilichokuwa nikikiongoza, akishike kwa muda. Nikamkabidhi na mume wangu. Kila asubuhi angepita nyumbani kabla ya kazi, amsafishe kifua.

Mnauliza, hukuona hatari? Niambieni nyinyi, ningeona nini? Nilikuwa naangalia mapafu!

Benin nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Nilijifunza kwamba mengi tuliyokuwa tukifanya yalikuwa kumchosha mgonjwa bure, na kwamba aliyechoka huachwa kwanza apate pumzi. Kwamba kumpigapiga mtu mgongoni siyo kazi yenyewe, kazi yenyewe ni pumzi, kuitoa polepole na kwa mpango. Nilijifunza kumtoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia, kupima nguvu ya kikohozi, kumpangia mtu wa pumu mazoezi. Na kila jioni, badala ya kulala, nilikaa na simu nikimrekodia Nadine somo la siku ile. "Leo tumefanya hivi, kesho umfanyie mtoto wa kitanda fulani hivi." Alikuwa akinijibu, "Asante yaya, Mungu akulinde."

Miezi ya mwanzo Shabani alikuwa akinipigia simu ya video kila siku. Namwona, anapumua mbele ya simu, nasikiliza. Kisha simu zikapungua. Mara gereji ina kazi nyingi, mara mtandao mbaya. Siku moja alipiga, nikasikia kifuani mwake kitu kinachemka kama chungu cha maharage. Nikamwuliza, "Asubuhi mmefanya mazoezi?"

Akasema, "Nadine amenifanyia." Akakata.

Rehema ndiye aliyenitia wasiwasi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo. Kila nikipiga simu ananiuliza jambo moja tu, narudi lini. Nikimwuliza kuna nini, anampa bibi yake simu. Nikadhani ni mambo ya wasichana wa umri ule. Kumbe bibi yake alikuwa amemwambia hivi... sikilizeni maneno ya mtu mzima anayefunga Ramadhani: "Ukimwambia mama yako, atafeli mutihani, na itakuwa kosa yako."

Mtoto wangu alibeba mzigo huo miezi yote ile!

Nilirudi na cheti changu. Mjini hapakuwa na mafuta, magari yamepanga foleni vituoni hayatembei. Hakuna aliyekuja kunipokea. Nikapata tuktuk, ikanifikisha barabara ya karibu na soko, nikamalizia kwa miguu na sanduku langu. Watu wa mtaani waliniamkia huku wanaangalia chini. Fundi mmoja aliyekuwa akinitania siku zote aliingia chini ya gari aliponiona.

Mlangoni kulikuwa na ndala za kike. Nilizijua. Nilizinunua mimi, zawadi ya sikukuu, kwa Nadine.

Alikuwa amekaa sebuleni, kajifunga kitambaa kichwani, tumbo limeanza kuonekana. Mama mkwe alikuwa pembeni yake akimenya viazi. Ndiye aliyezungumza, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. "Mwamini, karibu. Huyu sasa ni muke mwenzako. Amesilimu, anaitwa Nadia. Bwana yako alikuwa mugonjwa, we haukuwapo. Mutu hawezi kuishi bila wa kumuangalia."

Alibadilisha dini, akabadilisha jina. Kitu kimoja tu hakuhangaika kutafuta cha kwake, nacho ni mume!

Nadine akasema, "Yaya..."

Nikamwambia, "Usiniite hivyo tena. Siku ukinizika, hata siku hiyo usiniite hivyo."

Shabani aliporudi kutoka gereji alinikuta nimesimama mlangoni, sanduku bado liko mkononi. Hakuona hata haya. Alisema dini inamruhusu. Nikamwambia tulioana kwa shehe na kwa komini pia, ofisi ya serikali, na sheria ya nchi hii haimjui mke wa pili. Akajibu kwamba serikali haiji kumkohoza asubuhi. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "We ulienda kusoma vifua vya watu. Changu ulikiacha."

Changu ulikiacha! Nani aliyenibariki safari? Nani aliyenisindikiza mpaka uwanja wa ndege? Na wanawake wa mtaa ule, walionikuta kisimani na sokoni miaka yote, walinifariji kwa maneno gani? "Ndiyo masomo hayo, dada. Mwanamke akisafiri, nyumba inahama." Wengine wao ndio waliopika pilau ya ile ndoa!

Nilimchukua Rehema, tukahamia chumba cha kupanga Bwiza, mtaa wa jirani. Nikajisemea, sawa, mume amekwenda, kazi ipo.

Kazi ipo? Subirini.

Jumatatu niliingia hospitalini. Kwenye meza yangu kulikuwa na mkoba wa Nadine. Mkurugenzi aliniita ofisini, akaniambia kwa Kifaransa kizuri kwamba wakati sipo, Nadine ameonyesha uwezo mkubwa sana. Amewakusanya madaktari na manesi, amewapa mafunzo juu ya mbinu mpya za kusafisha kifua, kila mtu amestaajabu. Kwa hiyo yeye ndiye sefu sasa, mkuu wa servisi. Si kwa muda. Moja kwa moja.

Nilipomwuliza alizungumzia mbinu zipi, alianza kunieleza... na yalikuwa maneno yangu. Mfano wa mfereji ulioziba. Mfano wa kupuliza mshumaa bila kuuzima. Masomo niliyokuwa nikimrekodia usiku wa Benin, macho yakiniuma, alisimama mbele ya madaktari akayasema kama yametoka kichwani kwake! Nikamwambia mkurugenzi. Akatabasamu, akasema mambo ya nyumbani tusiyalete kazini.

Mambo ya nyumbani! Habari ilikuwa imeshamfikia. Nikionekana kulalamika, mimi ni mke mwenye wivu. Nikinyamaza, nimekubali. Angalieni walivyonifunga!

Nadine alinipangia magoti na migongo. Vifua ni vyake na wasaidizi wake. Nilikuwa nimesoma mwaka mzima, nikawa nazungusha kifundo cha mguu cha mcheza mpira, huku upande wa pili wa ukuta nasikia mtoto anakohoa vibaya. Tukikutana kwenye korido ananisalimia kwa heshima, "Bonjour madame Mwamini." Sikuwahi kumjibu. Nilikuwa nampita kama napita ndoo ya kudekia. Mkisema ni ubaya, ni ubaya. Aliustahili.

Na Shabani? Nilisikia habari zake bila kuuliza. Mtaa una midomo. Tangu amwoe Nadine alikataa mazoezi. Zamani alikubali mikono yake kwa sababu alikuwa mgeni anayekuja na kuondoka. Alipokuwa mke, kila akimwambia lala ubavu, anamjibu, "Nimeoa bibi, sikuoa nesi." Akarudi kupiga rangi bila barakoa, siku nzima katika ule moshi wa rangi. Nadine mimba imemchosha, usefu umemchosha, akaacha kumbembeleza.

Siku alipoanguka ilikuwa mchana wa jua kali. Nilikuwa dirishani, kwenye chumba cha magoti. Nikasikia kelele getini, nikaona gari jeupe bovu linaingia bila mlio wa injini. Mafundi wa Buyenzi walikuwa wakilisukuma, vifua wazi, mafuta ya gereji mikononi, jasho linawachuruzika. Petroli hakuna, ambulensi haipatikani, wamelisukuma tangu gereji kwa mikono mpaka hospitali! Kiti cha nyuma alikuwemo Shabani.

Sikutoka. Nilirudi kwenye goti la mgonjwa wangu.

Baada ya muda mama mkwe aliingia bila kubisha hodi. Kitenge kimemlegea, kiatu kimoja. Yule mwanamke aliyenipokea na viazi mkononi alishika mlango asianguke.

"Mwamini, njoo. Bwana yako anakufa."

"Mi sina bwana."

"Dokta anasema watamutia mipira kwenye koo... na mashine ni moja tu, iko na mutu tayari. Njoo, mutoto wangu. Minakuomba mbele ya Mungu."

Nikamwambia aende kwa mkwe wake, si yupo? Si ni sefu?

Akasema, "Anatetemeka. Hawezi."

Niwaambie ukweli? Nilikaa. Nilihesabu faida ya kukaa. Nilimwona akiwa amefunikwa shuka, nikamwona Nadine mjane, na moyoni sikuona huzuni. Kisha nikamkumbuka Rehema, kwamba baba yake ni mmoja tu, na kwamba siku moja ataniuliza nilikuwa wapi. Nikainuka. Msiniite mwema. Njia nzima nilikuwa nikimlaani.

Nilimkuta Shabani amelazwa chali, midomo imegeuka rangi, macho yamemtoka. Kamasi la njano limemjaa kinywani, hana nguvu ya kulitoa. Daktari kijana ameshika simu anatafuta mashine kwingine. Nadine amesimama ukutani, mikono miwili mdomoni.

Akasema, "Mwamini, mi siwezi. Nikimugusa naona anakufa."

Nikamwambia, "Toka mbele yangu."

Tulimwinua, nikamkalisha, viwiko juu ya mto kwenye meza ya kitanda. Nikaangalia kohozi, halina damu. Nikamwomba daktari dawa ya mvuke ya kufungua kifua. Halafu sikufanya chochote. Ndiyo, chochote! Nilimwacha apate pumzi kwanza, mkono wangu uko ubavuni mwake, namwambia atoe hewa polepole kwa midomo iliyokunjwa. Mtu aliyechoka ukimlazimisha kukohoa unamwua. Mama mkwe alipiga kelele, "Fanya kitu!" Nikamwambia akipiga kelele tena nami natoka.

Pumzi ilipotulia kidogo tukaanza. Hewa ndogo, shikilia, toa kwa mdomo wazi. Tena. Mbavu zake nilizijua kuliko nyumba niliyozaliwa. Kiganja changu kikasikia kohozi linasogea... likapanda... likakwama. Akanitazama, macho yake yanasema anakufa. Nikamsogelea sikioni, nikamwambia, "Toa. Sikufanyii kwa mapenzi, lakini toa!"

Akakohoa. Likatoka kohozi zito kama gundi, kubwa, linanuka. Likafuata jingine. Namba za mashine ya kidoleni, ile inayopima hewa kwenye damu, zikaanza kupanda. Daktari akaweka simu chini. Mipira haikuhitajika.

Nadine alikuwa amekaa sakafuni koridoni, analia kama ile siku ya kwanza kwenye ngazi. Safari hii sikutoa kitambaa.

Nilimhudumia Shabani mpaka alipotoka hospitalini, asubuhi na jioni, nikiwa na nesi chumbani kila mara, mlango wazi. Sikusema naye neno lisilohusu pumzi. Siku ya kutoka alinishika mkono. Akasema nirudi, atagawa siku kwa haki, kwamba mikono ya Nadine si kama yangu.

Mikono! Mwanaume amekaa na mimi miaka yote hiyo, na alichokikosa ni mikono!

Nikamwambia anipe talaka. Akafikiri natania. Wiki ile ile wakaja wazee wa ukoo na mama mkwe, wakanikalisha Bwiza chumbani kwangu, wakisema nisiwe na roho ngumu, mgonjwa asiachwe. Nikawauliza walikuwa wapi siku ya pilau. Talaka ya shehe nilipata baada ya kuvutana sana. Ya mahakama bado naifuatilia mpaka leo ninapoandika.

Kazini mambo hayakugeuka kama mnavyotaka yageuke. Nadine bado ni sefu. Alikwenda kujifungua, akarudi, mkoba wake uko pale pale kwenye meza ile. Ila daktari yule kijana alikataa wagonjwa wake wa kifua waguswe na mwingine, na madaktari wengine wakamfuata, basi nikarudishiwa vifua bila kurudishiwa cheo. Sasa nafundisha tena. Nawafundisha wote pamoja, mchana, ukumbini, madaktari wakiwa wamekaa, na kabla sijaanza nataja jina langu na mahali nilipojifunza. Anayetaka kujua kusikiliza kwa kiganja, wodi zimejaa. Nyumbani kwangu haji mtu!

Siku moja Nadine alikuja akakaa mstari wa nyuma, mtoto mgongoni. Sikumfukuza. Sikumtazama pia. Mtoto wake alikuwa na mafua, nilimsikia akikoroma nilikosimama. Nilipomaliza nilimwambia nesi mmoja amwambie sefu amsafishe mtoto pua kwa maji ya chumvi kabla ya kumnyonyesha. Ni hayo tu. Mtoto hajanikosea.

Rehema anamtembelea baba yake siku za mapumziko. Mimi simkatazi. Bibi yake simruhusu amguse.

Sasa nyinyi mnaosoma. Najua wapo watakaosema, "Ndiyo, mwanamke asiache nyumba kwenda kusoma." Funga mdomo wako! Kama nisingekwenda kusoma, Shabani angekuwa kaburini, na ile mbinu ya kumwacha mtu apate pumzi ningeitoa wapi? Masomo hayakunivunjia ndoa. Waliivunja watu watatu, na mtaa mzima ukawafungia mlango wasionekane.

Ninachowasihi ni hiki. Ukisafiri kikazi, mgonjwa wako mkabidhi hospitali mbele ya familia. Usimkabidhi rafiki kwa sababu tu anakuita yaya. Unachokijua kifundishe, lakini kifundishe hadharani, watu wajue kimetoka kwa nani. Nanyi mlioona, mkanyamaza ati msimsumbue anayesoma... msifanye hivyo kwa mwingine! Mwambieni. Afeli mtihani akiwa anajua, kuliko kurudi na cheti na kukuta ndala za mtu mlangoni.

Na wewe dada uliyeletewa barua ya masomo leo, unamtazama mumeo usoni, hujui ujibu nini... Nenda. Nenda ukasome, na mtoto wako mwachie mtu atakayemruhusu kusema.